Jaji Matthew Hale, Mwamuzi wa Nyakati Mbili



Kila mara nchi inapopata kesi kubwa ya siasa, kama vile kesi ya uchaguzi, au ya kiongozi aliyeshitakiwa, au ya mtu aliyesema neno lisilowapendeza wakubwa, watu hawaanzi kwa kuuliza sheria yasemaje. Huuliza kwanza jaji ni mtu wa nani. Ametoka wapi? Nani alimpa cheo? Jamaa zake wamo katika chama gani? Maswali haya si ya upuzi. Wazee wetu walikwisha kuonya kwamba kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Mtu anayeingia mahakamani akijua ya kuwa hukumu yake imekwisha kukatwa mahali pengine, huyo hana mahakama. Ana chumba tu cha kusomewa adhabu.

Kwa sababu hiyo tumeona vema safari hii tuwaletee habari za mwana mmoja wa Kanisa letu la Kianglikana, aliyefariki karibu miaka 350 iliyopita, naye ni Sir Matthew Hale, Jaji Mkuu wa Uingereza. Mtu huyu alihukumu chini ya serikali mbili zilizochukiana: ile iliyotokana na kuuawa kwa mfalme, na ile ya mwana wa mfalme yule yule. Zote mbili zilimtaka awe jaji wao. Habari nyingi za maisha yake twazipata kwa Gilbert Burnet, kasisi aliyekuwa baadaye Askofu wa Salisbury, ambaye alitoa kitabu juu yake mwaka 1682. Tutaeleza mema yake, wala hatutaficha doa lake kubwa, kwa maana doa lile lina fundisho ambalo sifa zake pekee haziwezi kutupa.

UTOTO NA UJANA

Matthew Hale alizaliwa tarehe 1 Novemba, 1609, katika kijiji cha Alderley, jimbo la Gloucestershire. Baba yake, Robert Hale, alikuwa mwanasheria, lakini aliiacha kazi hiyo kwa ajili ya dhamiri. Aliona ya kuwa namna mawakili wa siku zile walivyozoea kuyapamba maneno ya madai ilikuwa ni kusema uongo, naye hakutaka kula mkate wa uongo. Mtoto alifiwa na wazazi wote wawili kabla hajatimiza miaka 5. Akalelewa na jamaa yao mmoja aliyekuwa wa kundi la Wapuritani, yaani wale waliotaka Kanisa la Uingereza litakaswe zaidi, naye akakusudia kumfanya kijana awe kasisi.

Mwaka 1626 akapelekwa Oxford kusoma. Huko ujana ukamshika. Akapenda michezo ya kuigiza, mavazi ya fahari na kucheza kwa upanga, hata akafikiri kwenda ng'ambo kuwa askari. Kilichomrudisha ni kesi. Bwana mmoja mkubwa alidai sehemu ya mali aliyoachiwa na baba yake, ikampasa kijana kwenda London kuonana na wakili wake. Wakili yule, John Glanville, alipoona akili za kijana alimsihi asome sheria. Basi mwaka 1628 Hale akaingia Lincoln's Inn, chuo kimojawapo cha mawakili, akasoma kwa bidii ya ajabu, mara nyingi saa 16 kwa siku.

Katika miaka hiyo lilitukia jambo lililomgeuza. Alikuwa karamuni pamoja na vijana wenzake, na mmoja wao akanywa mvinyo kupita kiasi hata akaanguka kama maiti. Hale akaingia chumba kingine, akafunga mlango, akapiga magoti akamwombea mwenzake apate uzima, na yeye mwenyewe apate msamaha. Akaweka nadhiri asishiriki tena ulevi wa namna ile, akaishika hata kufa. Burnet atuambia tena ya kuwa kwa muda wa miaka 36 hakukosa hata Jumapili moja kwenda kanisani.

WAKILI WA WALIOSHINDWA

Mwaka 1642 vita vikazuka kati ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge lake. Ndugu alipigana na ndugu, na Kanisa likapasuka. Hale hakushika silaha upande wowote. Lakini kila alipotafutwa mtu wa kumtetea mshitakiwa ambaye wenye nguvu wamekusudia kumwua, yeye alikuwapo. Bunge lilipomshitaki William Laud, Askofu Mkuu wa Canterbury, Hale alikuwa mmoja wa mawakili wake. Laud alikatwa kichwa tarehe 10 Januari, 1645. Mfalme mwenyewe akauawa tarehe 30 Januari, 1649, na katika mwaka huo huo Hale akamtetea Duke wa Hamilton, aliyekuwa mtu wa mfalme. Naye pia akauawa.

Alipomtetea Lord Craven, mwanasheria wa serikali alimtisha mbele ya mahakama kwa kusimama kinyume cha utawala. Hale akamjibu ya kuwa yeye anazitetea sheria zile zile ambazo utawala umetangaza kuzilinda, na ya kuwa atatimiza wajibu wake kwa mteja wake wala hatatishika.

Hapo yatupasa tuangalie sana. Wengi wetu tukimwona wakili anamtetea mtu tusiyempenda, twasema mara moja kwamba wakili huyo ni wa kundi lake. Hale hakuwa wa kundi la Askofu Laud. Tena malezi yake yalikuwa ya Kipuritani, nao Wapuritani walimchukia Laud. Alimtetea kwa sababu hukumu ambayo upande mmoja haukusikiwa si hukumu.

JAJI CHINI YA CROMWELL

Baada ya mfalme kuuawa, Oliver Cromwell akashika nchi kwa jina la Mlinzi wa Dola. Mwaka 1654 akamtaka Hale awe jaji. Hale alisita sana. Je, ni haki kupokea joho la uamuzi kutoka mkono ulioshika nchi kwa upanga? Akawaendea makasisi wa upande wa mfalme kutaka shauri, miongoni mwao Gilbert Sheldon, aliyekuwa baadaye Askofu Mkuu wa Canterbury. Wakamwambia ya kuwa watu hawawezi kukaa bila sheria. Mashamba yao na mali zao zahitaji kulindwa, yeyote awaye mtawala. Basi akakubali.

Punde si punde akajaribiwa. Siku zile majaji walikuwa wakizunguka majimboni kusikiliza kesi. Huko Lincoln aliletewa kesi ya askari wa Cromwell waliomwua raia mmoja aliyekuwa zamani wa upande wa mfalme. Raia yule alikuwa akitembea shambani na bunduki ya kuwindia ndege. Askari mmoja akamtaka aitoe, kwa kuwa kulikuwa na amri ya kwamba watu wa mfalme wasichukue silaha. Yule akakataa, wakapigana, na askari akashindwa. Akaenda kumwita mwenzake, wakamvizia, wakamwua. Mahakamani mkuu wa kikosi akaja kuwatetea, akisema marehemu aliuawa kwa kuivunja amri ya Mlinzi wa Dola. Hale hakulipokea neno lile. Aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia akahukumiwa kufa, na hukumu ikatimizwa upesi kabla barua ya kuizuia haijaweza kufika kutoka London.

Mara nyingine palikuwa na kesi ambayo Cromwell mwenyewe aliitakia mwisho fulani. Katika sheria ya Uingereza wapo raia 12 wanaosikiliza ushahidi na kuamua kama jambo ni kweli, nao huitwa juri. Sheria yataka watu hao waitwe na afisa wa jimbo aliyewekwa kwa kazi hiyo, ili mwenye kesi asijichagulie waamuzi. Hale akapata habari ya kwamba juri ile imechaguliwa kwa amri ya Cromwell. Akauliza, akahakikisha, akawafukuza wote, akakataa kuisikiliza kesi. Aliporudi London, Cromwell akamkaripia kwa hasira, akamwambia ya kuwa hafai kuwa jaji. Hale akamjibu tu kwamba hayo ni kweli kabisa.

Baada ya ziara mbili tatu za namna hiyo, Hale akaacha kusikiliza kesi za jinai zenye adhabu ya kifo. Moyoni alikuwa na shaka kama mamlaka aliyopewa na Cromwell yatosha kumwondolea mtu uhai, na mwenye shaka ya namna hiyo hastahili kukaa katika kiti kile. Akabaki na kesi za madai. Mwaka 1655 watu wa mfalme wakafanya uasi chini ya kiongozi wao Penruddock. Tarishi akatumwa mpaka Alderley kumwita Hale asaidie kuwahukumu. Akakataa kwenda. Cromwell alipokufa mwaka 1658, mwanawe Richard akataka Hale aendelee na cheo chake, naye akakataa.

JAJI CHINI YA MFALME

Mwaka 1660 Charles wa Pili akarudishwa katika kiti cha baba yake. Watu wengi waliomtumikia Cromwell wakajificha. Hale hakuwa na haja ya kujificha. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo mfalme akamfanya Jaji Mkuu wa Mahakama ya Hazina. Heshima hiyo haikumlevya. Aliketi akajiandikia kanuni 18 za kuzikumbuka kila siku katika kazi yake. Hatutazinukuu, lakini tutaeleza baadhi yake kwa maneno yetu.

Aliazimu kwamba haki anayotoa ni kazi ya Mungu, ya mfalme na ya nchi, kwa hiyo aitende kwa unyofu na kwa uthabiti, wala asizitegemee akili zake bali Mungu. Kwamba aziweke kando hasira na tamaa zake, hata akichokozwa. Kwamba asiwe na hukumu moyoni kabla ya kusikia pande zote mbili mpaka mwisho. Kwamba asivutwe na huruma kwa maskini wala na upendeleo kwa tajiri. Kwamba sifa za watu na chuki za watu zisiwe na neno lo lote katika uamuzi wake. Kwamba mizani ikisimama sawasawa katika kesi ya jinai, ailaze upande wa rehema. Kwamba achukie kila maombi ya faraghani juu ya kesi iliyo mbele yake. Kwamba watumishi wake wakatazwe kujiingiza katika kesi, au kupokea zaidi ya ada iliyowekwa, au kuitanguliza kesi ya mtu isipofika zamu yake.

Kanuni ile ya maskini huenda ikamshangaza msomaji. Lakini atazame kitabu cha Kutoka, mlango wa 23, ataona ya kuwa Torati nayo yakataza kumpendelea maskini katika neno lake. Maskini apewe sadaka kutoka mfukoni mwa jaji; asipewe shamba la mtu mwingine. Hale mwenyewe alikuwa akitenga fungu la kumi la mapato yake kwa maskini. Na ile ya sifa za watu twaijua sisi sote, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

NYAMA YA PAA NA MABONGE YA SUKARI

Bwana mmoja alikuwa na desturi ya kumpelekea kila jaji apitaye katika jimbo lake zawadi ya paa dume. Hale naye alipopita akaletewa. Siku chache baadaye jina la bwana yule likaitwa mahakamani, kwa maana alikuwa na kesi. Hale akauliza kama ndiye aliyeleta nyama. Aliposikia ndiye, akasema kesi haitaendelea mpaka yeye Hale amelipia paa yule. Bwana akasema hauzi nyama, na ya kuwa hakumtendea Hale neno ambalo hakuwatendea majaji wote waliomtangulia. Na watu wa pale wakashuhudia ni kweli. Hale hakukubali. Mwisho bwana akaiondoa kesi yake kuliko kupokea bei.

Mara nyingine ikawa zamu ya Kanisa. Wakuu wa kanisa kuu la Salisbury, kwa desturi yao ya siku nyingi, walimletea mabonge 6 ya sukari, kwa maana siku zile sukari iliuzwa kwa mabonge. Nao walikuwa na kesi mbele yake. Hale akawaagiza watumishi wake wailipie sukari kwanza, ndipo akaisikiliza kesi. Hakufikiri kwamba zawadi ya watu wa Mungu haina uzito katika mizani.

Wako waliosema amezidi. Paa yule hakuletwa kwa nia mbaya, na sukari ni kitu kidogo. Lakini tujiweke mahali pa yule mwenye kesi wa upande wa pili, asiye na paa wala sukari. Ameketi, amtazama jaji aliyekula nyama ya mshindani wake. Hata hukumu ikiwa ya haki kabisa, atarudi nyumbani akiamini ya kuwa ameshindwa na nyama. Hale alimwangalia mtu huyo.

Tena palikuwa na Duke mmoja mkuu aliyemwendea chumbani mwake ili amweleze mapema kesi yake apate kuifahamu vizuri. Hale akamkatiza, akamwambia ya kuwa si haki kumjia faraghani, na habari zote ataziletea mahakamani mahali pande zote mbili zinaposikia. Duke akaenda kumshitaki kwa mfalme. Mfalme akamwambia ashukuru kwamba hakutendewa vibaya zaidi, kwa kuwa hata yeye mfalme angalikwenda kumwomba Hale habari za kesi zake, asingalipokewa vizuri kuliko hivyo.

MKE WA BUNYAN

Wengi wetu tumesoma kitabu cha John Bunyan kinachosimulia safari ya Mkristo kwenda mji wa mbinguni. Bunyan alitiwa gerezani Bedford kuanzia Novemba 1660, kwa sababu ya kuhubiri nje ya Kanisa lililowekwa na sheria. Mwezi wa Agosti, 1661, mke wake Elizabeth akaja mbele ya majaji kumwombea. Alikuwa na watoto 4 wa kambo wa kulea, mmoja wao kipofu, na mtoto aliyemzaa mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Jaji mwenzake Hale, aitwaye Twisden, alimfokea. Wakubwa wa pale walisema mumewe ni mtu hatari. Hale alimsikiliza kwa upole, akaonyesha kumhurumia, lakini akamwambia ya kuwa hukumu imekwisha kuandikwa, naye hawezi kuifuta. Akamwonyesha njia 3: kumwendea mfalme, au kutafuta msamaha, au kuomba hukumu ichunguzwe upya kwa makosa yake, akamwambia hiyo ya mwisho ndiyo yenye gharama ndogo.

Elizabeth alitoka akilia, na Bunyan akakaa gerezani mpaka 1672. Je, Hale angeweza kufanya zaidi? Hapo wasomaji watatofautiana. Lakini tuone jambo hili: Hale alikuwa mtu wa Kanisa la Uingereza, na Bunyan alikuwa mpinzani wa Kanisa hilo. Hakumdharau mke wake kwa ajili hiyo. Baadaye, alipokuwa akikaa Acton, rafiki yake wa karibu alikuwa Richard Baxter, kasisi ambaye naye alikatazwa kuhubiri.

DOA LA BURY ST EDMUNDS

Sasa twafika mahali pazito. Mwezi wa Machi, 1662, Hale aliketi katika mji wa Bury St Edmunds. Wakaletwa wajane wawili wazee wa mji wa Lowestoft, Rose Cullender na Amy Denny, wakishitakiwa kwa kuwaroga watoto. Wasichana walioitwa wagonjwa walikuwa wakikunja ngumi, nao walisemekana kuzifumbua pale tu mchawi anapowagusa. Hale akawatuma mabwana kadha wakashuhudie. Msichana mmoja akafunikwa macho, akaguswa na mwanamke mwingine asiyeshitakiwa kwa neno lo lote, naye akafanya vile vile. Mabwana wakarudi wakasema wazi ya kuwa jambo zima ni udanganyifu.

Mizani ilikuwa imeonyesha. Iko wapi ile kanuni ya kuilaza upande wa rehema? Hale alipowaagiza juri, alisema hatawarudilia ushahidi, asije akaupotosha upande huu au upande huu. Alidhani kunyamaza kwake ni kutopendelea. Lakini neno moja alilisema: kwamba yeye hana shaka wachawi wapo, kwa kuwa Maandiko na sheria za mataifa zasema hivyo. Juri wakatoka, wakarudi baada ya nusu saa, wakasema wana hatia. Wajane wale wawili wakanyongwa.

Hapa hapakuwa na Cromwell wa kumtisha, wala Duke chumbani, wala paa, wala sukari. Aliyeingia mahakamani siku ile bila kualikwa ni imani ya Hale mwenyewe juu ya wachawi. Ilikaa kitini pamoja naye, naye hakuiuliza imeleta nini wala hakuilipia bei. Sheria ya nchi yake ilikubali kesi za uchawi, na majaji wengine walifanya kama yeye. Lakini jina lake jema liliifanya hukumu ile kuwa na nguvu zaidi. Mwaka 1692, huko Salem katika Amerika, watu 19 waliponyongwa kwa uchawi, kesi ya Hale ilitajwa kama mfano wa kufuatwa. Watu walisema, kama Jaji Hale aliamini, sisi ni nani? Uingereza iliifuta sheria ile mwaka 1735, muda mrefu baada ya wajane kuzikwa.

Nasi tusiwahukumu Waingereza wa kale kana kwamba habari hii ni ya mbali. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, tena wengi wa waliowaua wala hawakuwapeleka mbele ya jaji.

MWISHO WA SAFARI YAKE

Mwezi wa Septemba, 1666, moto mkubwa uliteketeza London, nyumba zaidi ya 13,000. Wenye nyumba na wapangaji wakaanza kugombana ni nani atakayejenga upya. Ikawekwa mahakama maalumu ya moto, Hale akiwa mmoja wa majaji wake, nao walifanya kazi hiyo bila malipo. Mji ukawashukuru kwa kuwachora picha majaji wale. Mwaka 1671 Hale akawa Jaji Mkuu wa Uingereza. Alipoona ugonjwa umemdhoofisha hata hawezi kazi, akaomba kuachiliwa, na mwezi wa Februari, 1676, akakiacha kiti. Akarudi Alderley, akafariki siku ya Krismasi mwaka ule ule, akazikwa katika uwanja wa kanisa la kijiji alichozaliwa.

TUJIFUNZE NINI

Mahakama za Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi mengi katika sheria ya Kiingereza, na miongoni mwayo ni lile neno la kale ya kwamba mtu asiwe mwamuzi katika shauri linalomhusu mwenyewe. Jaji mwenye fungu katika kesi, au ndugu, au deni, au urafiki, yampasa kusema wazi na kumpisha mwingine. Kujitoa namna hiyo si aibu. Hale alijitoa katika kesi za kifo chini ya Cromwell, na jina lake halikupungua.

Lakini maisha yake yatuonyesha kwamba fungu katika kesi si fedha tu. Hofu ni fungu. Shukrani kwa aliyetupa cheo ni fungu. Chama ni fungu. Dini ni fungu, na lile tunaloliamini tangu utotoni bila kuliuliza ni fungu zito kuliko yote, kwa sababu hatulioni. Aliyeweza kumkatalia Cromwell hakuweza kujikatalia mwenyewe.

Hatusemi haya kwa majaji peke yao. Wengi wetu tumo katika halmashauri za kanisa, kamati za shule, mabaraza ya ukoo na vyama vya ushirika. Likija shauri la mtoto wa ndugu yetu, au la mchangaji mkubwa wa jengo la kanisa, au la mtu ambaye mtaa mzima umekwisha kumwita mchawi, tutaketi wapi? Yafaa mwenye jambo linalomgusa aseme mapema, atoke nje, mlango ufungwe, na wenzake waamue. Na yule anayebaki ndani ajiulize ni paa gani aliyekula, na ni hofu gani aliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Katika Kitabu cha Sala, kile kilichotolewa mwaka 1662, mwaka ule ule wa Bury St Edmunds, ibada ya Ushirika Mtakatifu ina ombi kwa ajili ya wote wenye mamlaka, ili watoe haki kwa kweli na bila kupendelea. Hapana shaka Hale aliliitikia ombi lile mara nyingi. Nasi tuliitikie kwa ajili ya majaji na mahakimu wetu, hasa wale walio na kesi ambazo nchi nzima yazitazama. Tena tusisahau kujiombea sisi wenyewe. Bwana, ambaye hapendelei uso wa mtu, atupe macho ya kujiona. Amina.